Pijo Halitoki Hapa kwa Kamba

Shikamoo zenu nazipokea, vijana wangu, ila msinitafutie kiti. Kila anayefika hapa kwangu Chamazi ananikuta nimesimama, anakimbilia ndani kuleta kiti. "Kaa mzee, upumzike, umefanya kazi sana." Nakaa. Kabla chai haijapoa nimeshainuka, nimezunguka nyumba, nimejaribu bawaba ya mlango kama inalia. Mke wangu, mama Rehema, anasema kuishi na mie ni kama kuishi na pangaboi, upepo unaupata lakini huna raha ya kulitazama.

Nimekuwa fundi bodi maisha yangu yote ya kazi. Wengi wenu mnanyoosha magari pia, kwa hiyo nawaambieni mnayoyajua: mtu akigonga gari lake, injini anampelekea mwingine, mie naletewa mlango uliobonyea na madigadi iliyokunjika kama karatasi. Nilifanya kazi hiyo Buguruni, kwenye gereji ya uani nyuma ya soko, mpaka macho na mgongo vikaanza kulalamika. Leo mnaleta gari, mnachomeka kompyuta, inawaambia tatizo. Bampa likipasuka mnatupa, mnaweka jingine la plastiki. Silaumu. Ila sie bati lilikuwa halitupwi. Lilikuwa linabembelezwa mpaka lirudi.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Mbwana, Mndengereko mmoja mfupi, mkali, mwenye vidole vinene kama ndizi bukoba. Siku niliyofika kuomba kazi hakunipa gari. Alichukua debe la mafuta ya taa, akalikanyaga mbele yangu, akalikanyaga tena kwa kisigino, akanirushia. "Lirudishe." Basi. Nikaligonga kwa nguvu zangu zote, likawa baya kuliko alivyoliacha. Alipopita akacheka. "Wewe unapigana nalo. Bati ukilipiga sana linatanuka, likitanuka halina pa kwenda, linavimba. Gonga kidogo, kwa nyuma weka chuma kizito, sikiliza." Debe lile nililala nalo na kuamka nalo. Ndipo nikajua mlio wa nyundo ikigonga palipokaa sawa na mlio wake ikigonga hewa. Mpaka leo mtu akipiga bati mtaa wa tatu najua anaharibu.

Jambo jingine la bure, lichukueni: jicho linadanganya. Bati likiwa na rangi ya msingi tu huoni mawimbi yake. Vaa soksi kuukuu mkononi, pitisha kiganja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiganja kitayumba penye shimo hata kama jicho limesema pako sawa. Halafu mwagia maji, chuchumaa, tazama kwa ubavu jua likiwa chini. Hapo kila uongo wako utauona.

Sasa Pijo, lile gari langu pale nje. Najua ndilo mnalolitaka, maana mkija hapa mnapiga picha nalo.

Pale gereji kulikuwa na fundi umeme, Nasoro. Watu wao walikuwa Waarabu wa zamani wa Buguruni, wenye duka la misumari, kamba na makufuli. Baba yake alitaka akae nyuma ya kaunta. Nasoro akaona bora alale chini ya magari akishika nyaya. Mrefu, mwembamba, anaongea haraka, anasema ovyo, halafu mkono wake ukiingia chini ya dashibodi unakuwa mpole kama wa mtu anayesuka nywele za mtoto. Tulikuwa tunagombana kila siku. Mie nikimaliza kupaka rangi yeye anatoboa tundu apitishe waya. Yeye akimaliza waya mie nauunguza kwa gesi wakati wa kuchomelea. Mwenye gereji alisema tungekuwa mke na mume tungeshaachana, tena mahakamani.

Lile Pijo, four-o-four, liliachwa pale na mwalimu mmoja aliyehamia bara, hakurudi. Kutu ilikuwa imeila sakafu, ukikaa kiti cha nyuma unaona chini unavyoona maji kisimani. Kuku walitagia ndani ya buti. Siku moja mwenye gereji akatuambia, "Nyie wawili mnalipendapenda hilo kopo. Litoeni, linanizibia njia." Hatukuulizana mara mbili. Dereva mmoja wa lori la makontena kutoka Kurasini alikuwa ameleta lori lake kunyooshwa bampa, tukamwomba atuvute mpaka kwangu Tandika. Nasoro ndiye aliyeshika usukani, gari halina breki, mie nimekaa kwenye lori nyuma namtazama. Njia nzima alikuwa anapiga kelele, "Mwambie apunguze! Athumani, mwambie apunguze!" na mie nampungia mkono kama bibi harusi. Tulipofika alishuka akaenda kukaa kwenye kibaraza cha jirani, hakunisemesha mpaka alipoletewa maji.

Tukalifanyia kazi kila tulipopata nafasi, Jumapili, sikukuu, siku za mvua gereji ikiwa imejaa maji. Miaka ikapita. Binti yangu Rehema alizaliwa Pijo likiwa kwenye matofali, akaolewa Pijo likiwa kwenye matofali. Sikuwa mvivu, msidhani. Tatizo langu lilikuwa jingine: nikimaliza mlango wa kulia naona wa kushoto haufanani nao, nikirekebisha wa kushoto naona boneti imewazidi wote. Usiku silali, nafikiria mkunjo wa madigadi. Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, niko pale na soksi mkononi.

Kuna mara nilipaka rangi gari zima, ile ya maziwa kidogo, ikatulia kama mafuta ya nazi kwenye sinia. Sikujua jirani amefungua mashine ya kusaga ng'ambo ya ukuta. Alipoiwasha, vumbi la unga likaja na upepo, likatua juu ya rangi mbichi. Nilisimama nalitazama tu. Pijo likawa kama andazi lililosahaulika. Nasoro alikaa chini akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikachukua msasa nikaanza upya.

Baadaye Nasoro akaacha kuja. Hatukugombana. Waya zilikuwa zinaning'inia nusu nusu, taa za mbele hazijafungwa, naye akawa kila nikimpigia ana jambo. Leo ana mgeni, kesho ana kikohozi. Alikuwa ameshaacha kazi gereji, amehamia kwa binti yake Nuru, Mbezi Beach, mbali kabisa na huku kwetu. Nikajisemea, amezeeka, amezoea upepo wa bahari, amenichoka na Pijo langu. Nikanuna. Na mie nikinuna siongei, nagonga.

Halafu wakaja watu wa barabara. Walipita mtaani kwetu na rangi nyekundu, wakachora alama ya kubomolewa kwenye ukuta wangu na kuta za majirani. Barabara inapanuliwa. Tukaambiwa tujiandae kuhama. Mama Rehema hakulia. Aliipangusa ile alama kwa kanga kuona kama inatoka, haikutoka, akaenda kuanza kufunga vyombo. Tulikuwa na kiwanja hiki Chamazi, nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, tukaihimiza ipate bati. Jioni ile akaniita.

"Athumani. Kule kwetu nahamia na vyombo vyangu, kuku wangu na wewe."

"Na Pijo."

"Pijo linatembea?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo nimeisikia tangu nina meno yote. Kule sihamii na maiti. Likitembea lenyewe lije. Lisipotembea, wa chuma chakavu wale kila asubuhi wanapita na mkokoteni."

"Nitalivuta kwa kamba."

"Lilikuja kwa kamba. Halitoki hapa kwa kamba." Akainua ndoo yake, akaingia ndani.

Mnaweza kusema ningekodi fuso nikalipakia. Ningeweza. Lakini alikuwa amesema kweli, na mie mwenyewe ilikuwa inaniwasha siku nyingi. Nilijaribu kuzifunga zile waya peke yangu. Nasoro alikuwa ametumia waya nyekundu tupu, zote rangi moja, bunda alilolipata mahali. Nikaunganisha moja niliyodhani ya taa, moshi ukatoka kwenye dashibodi. Nikaita kijana fundi umeme wa pale Tandika, akachungulia, akasema, "Mzee, aliyefanya hii anayo kichwani mwake. Mie nikiigusa ni kung'oa zote nianze moja." Muda wa kung'oa zote haukuwepo. Nikavaa kanzu safi, nikaenda Mbezi Beach.

Nuru alinifungulia geti. "Shikamoo baba Rehema! Baba atafurahi." Akanipeleka barazani. Nasoro alikuwa amekaa, amevaa kikoi, mikono yote ameifumbata katikati ya mapaja kama mtu anayesikia baridi, na jua lile la Mbezi linachoma vigae. Tukasalimiana. Mkono hakunipa. Nuru akaleta chai ya tangawizi na kaimati, akatuacha.

Mie nikanywa. Yeye hakugusa kikombe. Nikaongea habari za alama ya ukutani, za kuhama, za mama Rehema. Anaitikia tu, "Ee. Ee." Siwezi kukaa mahali mtu ananiitikia ee. Nikasimama, nikazunguka baraza, nikarudi.

"Nasoro, umenisusa?"

"Nani kakususa?"

"Hupokei simu. Hugusi hata chai mbele yangu. Kama nimekukosea sema, nijue."

Akautoa mkono wa kulia kwenye mapaja, akakishika kikombe. Kikaanza kugonga sahani. Kikagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Akakiinua kidogo, chai ikamwagika kwenye kikoi, akakirudisha.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Ilianza kidole kimoja. Nikasema uchovu. Siku moja pale Kurasini nafunga betri la lori, spana ikanicheza, ikagusa bodi. Cheche zikaruka mpaka usoni. Dereva akacheka, akasema mzee umekunywa nini. Mie! Nikakusanya vifaa vyangu, nikaacha kazi. Hospitali wamenipa dawa, inapunguza kidogo, haiondoi." Akaificha mikono tena. "Sasa nije kwako nifanye nini? Nikuunguzie gari? Umelibembeleza miaka yote hiyo."

Hasira yangu yote ikaniishia. Nikakaa. Vijana, nilimjua mtu yule miaka na miaka, tumekula sahani moja, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa mbali na wewe kwa sababu anaionea haya mikono yake. Nilitaka kumwambia neno zuri. Likaja hili:

"Mdomo nao unatetemeka?"

"Mdomo?" Akanishangaa. "Mdomo haujambo."

"Basi kesho njoo na mdomo."

Mabega yakaanza kucheka kabla ya uso. Nuru akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Akaja. Nuru alimleta kwa gari lake, akamwacha na mto wa kukalia na chupa ya dawa. Nikamweka Nasoro kiti cha mbele cha abiria, mie nimelala chali miguu nje, kichwa chini ya dashibodi, na balbu ndogo yenye waya mbili ya kupimia umeme. Nilidhani atasema shika huu, unganisha na ule, tumalize. Kumbe hakuweza. Nikimuuliza, "Huu ni wa nini?" anafumba macho, vidole vinacheza hewani. "Sijui. Mikono ndiyo ilikuwa inajua." Ikabidi tuupime mmoja mmoja, taratibu, yeye anafikiri kwa sauti, mie nafuata. Na mikono yangu ni ya nyundo. Waya mwembamba ule kwangu ulikuwa kama kutia uzi kwenye sindano ukiwa umevaa glavu.

"Usiukabe, Athumani! Unaukaba!"

"Unateleza."

"Ushike kama unamshika kifaranga."

"Kifaranga hatoi cheche."

Tulipojaribu honi, waipa zikaenda. Tulipowasha indiketa ya kushoto, taa ya ndani ikawaka. Mama Rehema alikuwa anapita na makatoni anasema, "Hodi hodi, mmefika wapi?" na Nasoro anamjibu, "Tumefika pazuri, shemeji, likigeuka kulia linafuta kioo." Nilikuwa na haraka, kila siku naona nyumba ya jirani inapungua, mabati yanashushwa, vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Nilitaka niruke hatua. Yeye hakuniruhusu. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na papara ya maneno, kwenye waya alikuwa na subira ambayo mie sijawahi kuwa nayo.

Taa zikaja sawa. Honi ikalia honi. Injini fundi mwingine alishaifungua na kuifunga vizuri, petroli imewekwa, betri jipya limechajiwa. Nikawasha. Tak. Nikawasha tena. Tak, tak. Basi. Majirani waliokuwa wamekuja kuangalia wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu.

Nikatoka nikaanza kugusa kila kitu, starta, kabureta, plagi. Nasoro hakutoka kwenye kiti. "Acha kuhangaika. Washa nisikie." Nikawasha. "Tena." Tak. "Umeme unatoka haurudi," akasema. "Ule waya wa hasi wa betri umeufunga wapi?"

"Palepale ulipokuwa. Kwenye bodi, karibu na tangi la maji."

"Hapo umepaka rangi?"

Nikainama, nikajifanya natazama betri.

"Athumani. Umepaka rangi?"

"Nimepaka kila mahali. Hapo hasa nimepasugua mpaka panang'aa."

"Umeme haupiti kwenye rangi. Kwaruza."

"Nikwaruze rangi yangu?"

"Mpaka bati jeupe lionekane. Chukua tindo."

Mnaoifanya kazi hii mnajua, na kama hamjui mjue leo: waya wa hasi unataka chuma kitupu, safi, bila rangi, bila kutu, bila mafuta, na nati iliyokazwa. Gari likigoma baada ya kupakwa rangi, anza hapo kabla hujafungua injini. Mie nilikuwa fundi bodi, nilikuwa najua kufunika. Nikachukua tindo. Mkwaruzo wa kwanza niliusikia kwenye meno. Nikakwaruza, rangi ya maziwa ikadondoka kama maganda ya yai, bati likatokea, jeupe, limelala pale tangu mwalimu yule hajahama. Nikafunga waya, nikakaza.

Nikawasha. Starta ikazunguka, ikazunguka, ikakohoa, moshi mweusi ukatoka nyuma ukampata kuku, halafu Pijo likaunguruma. Mama Rehema alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Alikuja akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, kinatikisika. "Haya," akasema. "Litakuja."

Uchochoro wetu ulikuwa umezibwa na vibanda miaka ileile tuliyokuwa tunagonga, kwa hiyo lilitoka kwa kupita kwenye ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kubomolewa. Nikaubomoa mie kwa nyundo yangu, na tofali moja likaanguka likabonyeza madigadi ya mbele niliyoinyoosha kuliko nyingine zote. Watu wakaguna. Nikapapasa. Mkono ulianza kutafuta nyundo ndogo wenyewe. Nasoro akasema, "Ukifungua sanduku la vifaa sasa hivi naita wa chuma chakavu." Nikaacha. Mpaka leo pamebonyea, mkitoka mpaangalie, mkinisikia napagonga mjue ni lile tatizo langu.

Kabla ya kulileta Chamazi tulilipeleka kwenye uwanja wa mpira. Ilikuwa asubuhi, watoto wako shule, uwanja mtupu, mchanga na magoli mawili ya miti. Nikazunguka mara moja. Breki zinashika, usukani hauvuti. Nasoro alikuwa kando yangu, mikono chini ya mapaja, anatazama mbele kama abiria wa teksi. Nikasimamisha, nikafungua mlango.

"Pita upande huu."

"Mie? Una wazimu."

"Uwanja hauna mtu. Mara ya mwisho ulilishika halina breki, sasa linazo."

"Athumani, mikono."

"Pita."

Akapita. Pijo lile gia yake iko juu, pembeni ya usukani, upande wa kushoto, mie nikikaa kwenye kiti cha abiria naifikia. Nikamwambia, wewe shika usukani, kanyaga klachi, gia niachie mie. Akashika. Mikono ilikuwa inatetemeka, usukani ukatetemeka nayo. Halafu akaachia klachi, tukaingia kwenye matuta ya mchanga, gari zima likaanza kutikisika, milango, vioo, taya zangu na zake, na hapo sikuweza tena kujua kipi kinatetemeka kwa sababu ya nini.

Tukazunguka. Akanyoosha mgongo. Akapiga honi, hapana mtu wa kupigiwa. Akaanza kuimba kitu bila maneno. Mshale wa petroli ulikuwa umeshalala chini, na kule nyumbani lori la vyombo lilikuwa linatusubiri, mama Rehema nadhani ameshaanza kunitaja.

"Nasoro, simama. Mafuta yanaisha."

"Nisimame nikafanye nini?"

Akakanyaga klachi bila kunitazama, akangoja. Nikamwekea gia ya tatu.